Alama ya Kamba

Gunia lilipovuliwa, Mbodze alikitambua kigango cha kwao, mti wa kumbukumbu ya marehemu, kabla hajauona uso wake wa kuchongwa. Shingoni palikuwa na mfuo uliozunguka mti. Aliufanya yeye utotoni, kwa kumfunga hapo beberu wake mkaidi, hadi baba yake akamchapa. "Huyo ni babu yako Kadenge," baba alimwambia. "Babu hafungiwi mbuzi."

Sasa babu ameegemezwa ukutani katika duka la vinyago la Bwana Barnabas, Mji wa Kale, alikoajiriwa Mbodze. Kule kwao Kaloleni waliamka asubuhi moja wakakuta shimo pale kiliposimama kigango, na tangu hapo mamake hajainuka kitandani.

"Kipake mafuta, king'are," alisema Barnabas. "Kuna mzungu yuaja alasiri."

"Bwana, hiki ni chetu."

"Chenu? Kimeandikwa jina? Mimi nimeuziwa na watu. Paka mafuta, mama, usiniletee mikosi."

Akapaka. Mkono ulipofika shingoni, ukakwama.

Mama wa kizungu alikuja na Lennox, kijana wa Kilifi anayewatembeza watalii. Barnabas akaanza maneno yake ya kila siku: huyu ni mungu wa mvua, ana miaka mia tano. Mbodze, ambaye huzungumza akitazama sakafu, akaisikia sauti yake mwenyewe imetoka.

"Si mungu! Ni Kadenge wa Baya, mzee wa Gohu, chama cha wazee wakuu. Alikuwa akigema huku akiimba juu ya mnazi, hadi tembo likamwagika. Alipokufa aliwajia wanawe ndotoni, akalalamika baridi, ndipo wakamchongea mti huu. Hang'olewi. Hata mji ukihama, yeye huachwa pale pale. Anayemng'oa hapati usingizi."

Lennox alifasiri neno kwa neno. Mbodze akangoja mgeni aogope, arudi nyuma. Mgeni akajishika kifua, machozi yakamlenga, akakikumbatia kigango.

Barnabas akamnong'oneza Mbodze, "Hongera, binti! Kumbe ndiwe muuzaji hasa. Bei imepanda."

Mbodze alihisi kuta zimemsogelea. Angenyamaza, babu angeondoka akiitwa mungu wa mvua. Amesema, naye ndiye aliyemuuza.

Mgeni akatoa kinasa sauti.

"Ataka uyarudie, yawe ukumbusho," Lennox alisema. Kisha kwa sauti ya chini, "Sema tu, dada. Ukikataa, atamchukua vivyo hivyo."

Mbodze akapiga magoti, akaweka kidole kwenye mfuo. Alisema kwa Kigiriama, wala hakuwa akisema na mgeni. Alimwelekeza babu njia ya kurudi kwao: atoke kwenye kichochoro hiki, avuke maji pale Makupa, ashike njia ya Mazeras mpaka Kaloleni, penye miti ya mikanju aiache barabara, afuate njia ya ng'ombe. Mama amelala chumba cha kushoto. Asikawie.

Mgeni akauliza jambo. Lennox, anayekijua Kigiriama na aliyesikia yote, alimtazama Barnabas, halafu kanda iliyokuwa ikizunguka. Akajibu kwa Kizungu kwamba msichana anamtakia mzee safari njema.

Wakamfunga babu kwa magazeti na kamba. Walimbeba amelala, kichwa mbele. Mbodze hakuzuia mlango.

Pale ukutani ulibaki udongo mwekundu uliodondoka shinani mwake.

"Fagia hapo," alisema Barnabas.

Mbodze akafagia taratibu, asipoteze hata chembe. Akauzoa kwenye pindo la leso, akafunga fundo. Kwao shimo lilikuwa bado wazi, na hakujua kama lingeukubali udongo peke yake.