Robo Saa Waliyopigia Kura

Saa tisa alasiri Hester Pickersgill alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha mbao nyuma ya taa za studio, gauni la mtumishi wa kizamani limemkaba mbavu, wigi linamuwasha, na hajasema neno hata moja mbele ya kamera. Alifika saa moja kasorobo asubuhi. Wakampaka rangi usoni, wakamfunga kamba mgongoni, wakamwambia, "Kaa hapo, bibie, tunakuita sasa hivi." Sasa hivi ya watu wa sinema unaweza kuisubiri mpaka ukaota mvi.

Alikuwa na sentensi tatu. Anaingia na sinia, anamwambia bibi mwenye nyumba kwamba mumewe amefia vitani, anatoka. Ni tatu tu, lakini miaka kumi na moja ilipita tangu filamu yoyote impe hata moja.

Kazi yake hasa ilikuwa jioni, ukumbini Islington, mtaa wa London. Huko alikuwa Bi. Cutbush, mama mchoyo mwenye kupangisha vyumba, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchezo ulikuwa unahamia katikati ya London mwezi ujao, na jioni hiyo hiyo, Alhamisi, tajiri wa kule alikuwa anakuja kuketi safu ya tano achague nani ahame nao na nani aachwe. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili akiachwa, ndiyo imetoka hiyo. Hester angerudi Oldham kwa dada yake kumenya viazi.

Sisi watu wa jukwaani tuna sheria moja isiyojua huruma. Pazia linafunguliwa saa moja na nusu, na ikifika saa moja kasoro dakika tano kila mwigizaji awe ndani ya jengo. Usipokuwepo, anavalishwa mwigizaji wa akiba. Usilete habari za foleni wala msiba.

"Dunnett," Hester alimwita msaidizi wa mwongozaji aliyekuwa akipita mbio na makaratasi. "Mwanangu, nina jukwaa leo."

"Si nilikwambia dakika kumi, mama?"

"Uliniambia hivyo saa nne asubuhi."

"Basi ni hizo hizo."

Shida ilikuwa Verena Lisle, nyota wa filamu, aliyecheza bibi mwenye nyumba. Asubuhi aliikataa taa moja kwa kuwa ilimwonyesha kidevu cha pili. Mchana alikula na waandishi wa magazeti mpaka saa nane. Aliporudi, kidevu kilikuwa palepale, na taa zote zikapangwa upya.

Hester akaitwa saa kumi na moja na dakika tano. Wakafanya jaribio moja, sinia mkononi. Studio ile mafundi huweka vifaa chini saa kumi na moja na dakika ishirini, wala mwongozaji hana ubavu wa kuwazuia bila kuwaomba. Hester aliitegemea saa hiyo. Treni yake ilikuwa ya saa kumi na moja na dakika arobaini.

Mzee Arkwright, kiongozi wa mafundi umeme, akapanda juu ya sanduku. "Jamani, tunaombwa robo saa. Mama wa watu ameganda hapa tangu alfajiri. Tumwache aende bila picha yake? Wanaokubali?"

Mikono ikanyooshwa yote. Waigizaji hawapigi kura hiyo.

"Nashukuru, Bwana Arkwright, ila nina treni," Hester alisema.

"Usijali, mama. Tumekufanyia wewe."

Angefanya nini? Mwigizaji anayeondoka wakati kamera imewashwa haitwi tena. Akabaki. Mwongozaji akaamua kuanza na uso wa Verena, na Verena akalia mara nne, kila mara kwa jicho tofauti. Hester alizisema sentensi zake mara nne, ameipa kamera kisogo. Robo saa ikaisha, taa zikazimwa.

"Na mimi?" aliuliza.

"Umo, mpenzi," mwongozaji alimjibu huku anavaa koti. "Mgongo umetoka vizuri sana."

Treni iliyofuata ilimshusha London saa kumi na mbili na dakika arobaini, na basi likakwama. Aliingia mlango wa nyuma wa ukumbi saa moja na dakika mbili, mbio, rangi ya sinema imemchuruzika shingoni. Noel Garside, msimamizi wa jukwaa, alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Umechelewa dakika saba, Hester."

"Pazia bado. Navaa kwa dakika kumi, unanijua."

"Karatasi zenye jina la Pamela zimeshatiwa kwenye programu za watazamaji. Sina la kufanya."

Pamela Stott, mwigizaji wake wa akiba, binti wa miaka ishirini na mitatu, alitoka chumbani amevaa aproni ya Bi. Cutbush, midomo imemkauka. "Samahani, dada," alisema. Hester akamtengenezea ukosi, maana ulikuwa umekunjika.

"Halafu," Garside akasema, sasa anatazama viatu vyake, "kila siku Pamela ndiye anayeshika kitabu. Leo hakuna wa kuwakumbusha mistari."

Akamnyooshea kitabu.

Kwa hiyo Hester akakaa kwenye kigoda pembeni ya pazia, akifuata kwa kidole mistari yake mwenyewe. Pamela alikwenda vizuri. Tajiri alicheka mara mbili. Sehemu ya pili, mpangaji akamwuliza Bi. Cutbush kama mkate ule una nyama ndani, na Pamela akanyamaza. Macho yakamtoka. Akageuka kumtazama Hester.

Kila usiku Hester alijibu, "Nyama? Ilipita hapa, bwana, ikasalimia, ikaondoka," na ukumbi ukavunjika mbavu. Aliubuni mwenyewe utani huo, na hakuna aliyejisumbua kuuandika. Kitabuni palikuwa na maneno ya mwandishi.

Sekunde mbili zikapita, kisha tatu. Utani ulikuwa mdomoni mwa Hester.

"Ipo, bwana, kidogo," Hester akamsomea kwa sauti ya chini.

"Ipo, bwana, kidogo," Pamela akasema.

Hakuna aliyecheka. Safu ya tano tajiri akatazama saa. Upande wa pili wa jukwaa Garside alikuwa ametupa mikono juu, akimuuliza kwa midomo amefanya nini. Hester aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, aibu kwa ajili ya yule binti, na hasira ilikuwa palepale haijapungua. Akakiinua kitabu, akamgeuzia Garside ukurasa, na kidole chake kikabaki chini ya mstari ule, kama ulivyoandikwa.