Mkono wa Mama Mkwe

Kinyozi alikuwa amejilipia yeye na mkewe safari ya siku moja ya kwenda ziwani, ile ya bei nafuu ambayo kila abiria hujibebea chakula chake. Mkewe alipougua mafua, nafasi yake ikachukuliwa na mama mkwe, fundi cherehani asiyejua kumung'unya maneno.

Siku moja kabla ya safari, kutwa nzima sokoni anakonyolea, kinyozi aliwatania wasafiri wenzake walioogopa kupanda boti. "Nyie watu wazima mnaogopa maji? Kuoga mnaogaje?"

Boti ilipofika katikati ya ziwa, wimbi likaipiga ubavuni. Kinyozi akakumbatia nguzo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaukamata mkono wa mama mkwe.

"Baba," mama mkwe akamwambia kwa upole, "mahari ulimtolea binti yangu. Mimi sikuwemo."

Boti nzima ikaangua kicheko. Kinyozi alitamani ziwa limmeze, kisha akakumbuka kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Alipotaka kuchomoa mkono wake, mama mkwe akaubana.

"Shika tu, mwanangu. Marehemu baba mkwe wako alikuwa hivyo hivyo, na nilimpenda."

Wakafika nchi kavu wameshikana.

Jioni mkewe, pua bado nyekundu, akauliza safari ilikuwaje.

"Nzuri," mama mkwe akajibu, akivua viatu. "Ila mawimbi yalinitia hofu. Bahati mumeo alinishika mkono."

Kinyozi akainuka haraka kwenda kumchemshia mama mkwe chai.