Wachumba wa Shangazi Mwantumu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimerudi Korogwe, barazani kwa marehemu Shangazi Mwantumu, nimevaa sare za shule ya msingi ingawa nina wajukuu. Sare zilinitosha. Hakuna aliyeshangaa.

Shangazi alikuwa anapepeta mchele, kama alivyokuwa kila jioni ya utoto wetu. Nilifurahi kumwona hata nikasahau kumwamkia.

"Shikamoo imekufa pamoja nami?" aliuliza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hemedi ana nini?"

Nikamweleza. Kaka yangu Hemedi moyo umetanuka. Mtu mmoja kwenye kikundi cha simu amemwambia bangi inatibu moyo, basi ameacha vidonge vya hospitali na anavuta. Nimemsihi mpaka nimechoka. Anasema nimletee utafiti wa kuaminika, ndipo atanisikia. Nami utafiti wa kuaminika siujui hata sura.

"Utafiti ni mchumba tu," alisema Shangazi. "Waite waje kuposa. Tutawauliza kwao ni wapi na nani anawajua."

Enzi zake, wachumba wa ukoo mzima walipitia kwake. Matapeli wengi waliishia kwenye chai.

Wa kwanza anaingia na fulana yenye picha ya jani. Anasema bangi ni dawa ya moyo, haina shaka.

"Nauli nani kakupa?" anauliza Shangazi.

"Muuza mafuta ya bangi."

"Na fulana?"

"Huyohuyo."

"Haya, kunywa chai uende."

Wanafuata panya wa maabara, wamevaa kanzu. Mkubwa wao anasema walipewa bangi na mioyo yao imepata nafuu.

"Hongereni," anasema Shangazi. "Lakini hapa tunaozesha watu."

"Tunajua, mama. Hata sisi tulishangaa kusikia tumewasemea watu."

Wananawa mikono, wanaaga vizuri.

Ghafla baraza ni behewa la daraja la tatu, treni ya Moshi, ile tuliyokuwa tukipanda na Hemedi wakati wa likizo. Harufu ya mayai ya kuchemsha ni ileile. Ningeweza kukaa humo maisha yangu yote.

Mbele yetu wamekaa Bangi na Shambulio la Moyo, wameshikana mikono.

"Wewe ndiye uliyemleta huyu?" Shangazi anamuuliza Bangi.

"Tunaonekana pamoja tu, mama. Kuonekana pamoja si ushahidi."

"Nani aliwakutanisha?"

Wote wawili wanamnyooshea kidole Sigara, anayetazama nje dirishani.

"Mimi nafahamiana na kila mtu," anasema Sigara.

Mwisho wa behewa kuna utafiti mmoja, mama mwembamba mwenye miwani. Watafiti wamemzunguka, wanamkosoa stesheni hadi stesheni, naye anasahihisha bila kununa.

"Umeona nini?" anauliza Shangazi.

"Nimewafuata watu wengi kwa miaka mingi. Wanaovuta bangi kila siku wamepatwa na maradhi ya moyo zaidi, hata nilipomweka Sigara kando. Kuapa kwamba bangi ndiyo iliyowaumiza, siwezi. Kwamba inatibu moyo, sijaona."

"Na usiyoyajua?"

"Ni mengi. Nimeyaandika yote."

Shangazi anaweka ungo chini. "Huyu ndiye. Anayetaja kasoro zake mwenyewe, mpeni mke."

Nikamwomba huyo mama tufuatane naye kwa Hemedi.

"Hemedi tangu lini akasoma kitu?" alisema Shangazi. "Nitakwenda mwenyewe."

Akashuka, treni ikiwa mwendoni, vidole viwili ameviweka tayari kama mtu anayekwenda kufinya sikio. Nilimwita. Nilimwita tena, kwa sababu sikutaka aondoke mara ya pili. Hakugeuka.

Niliamshwa na simu. Alikuwa Hemedi.

"Dada, vile vidonge naanza upya au naendelea nilipoishia?"

"Nenda kamuulize daktari, leo hii. Kwani kumetokea nini?"

"Sikio langu limevimba. Lina alama za kucha. Wifi yako anaapa si yeye."

Nikakata simu nikalia, na kusema kweli ulikuwa wivu kuliko furaha. Kisha nikaenda kwenye kioo, nikayatazama masikio yangu, la huku na la huku. Hayakuwa na kitu.