Remedios Mbele ya Mchoro wa Jikoni

Wakiwa bado kwenye treni ya kutoka Albacete, Nuria alikuwa amemsihi mama yake, "Mama, wakikuuliza, sema ulikuwa kwenye mambo ya hoteli. Jiko usilitaje kabisa." Kisa ni Bi Leocadia, mama wa mchumba wake, aliyewaalika Madrid siku tatu wafahamiane kabla ya harusi. Remedios aliitikia tu. Miaka arobaini ya kuwapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu, na leo aifiche kama mali ya wizi!

Siku ya pili wakaenda na Bi Leocadia jumba la makumbusho. Mwongozaji, kijana mwenye skafu hata katika joto lile la Juni, akawasimamisha mbele ya mchoro wa mtumishi aliyeinamia beseni la samaki.

"Tazameni huzuni yake," akasema. "Anaosha samaki kama anayeosha dhambi zake."

"Haoshi," Remedios akasema.

Nuria akamfinya. "Mama, nyamaza."

"Samaki wa chumvi huyo, analowekwa. Ndiyo maana ngozi iko juu, chumvi ishuke chini. Na hana huzuni yoyote, mgongo unamuuma."

Watu wakacheka. Bi Leocadia akageuka polepole. "Makubwa! Na wewe umeyajulia wapi hayo, Remedios?"

Nuria alikuwa amemkodolea macho, anaomba kimyakimya. Remedios alimwonea huruma mwanawe, lakini alijionea huruma zaidi.

"Jikoni. Mimi ni mpishi. Mambo ya hoteli nayasikia redioni tu."

Saa tisa mchana wakaketi mkahawani kula. Nuria hakumtazama mama yake hata mara moja. Bi Leocadia alikunjua kitambaa chake, akatabasamu kwa meno tu.

"Basi leo tuna bahati, tuna mkaguzi mezani. Hebu tuambie, huyu mwana-kondoo ana kasoro gani?"

Remedios alitafuna bila haraka. Nyama ilikuwa laini, inaachia mfupa yenyewe. "Hana kasoro. Aliyempika kaamka alfajiri." Akamwita mhudumu. "Mwanangu, nani kapika?"

"Mpishi huwa hatoki jikoni, mama."

"Najua. Hata mimi sikuwa natoka." Akasimama.

Nuria akamdaka mkono. "Unakwenda wapi? Mama, watu wote wanatutazama!"

"Waache watazame, si hata sisi tumelipia kutazama tangu asubuhi? Miaka arobaini, Nuria, hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kunisalimia. Unataka na mimi niwe kama wao?"

Nuria akauachia mkono. Remedios akapita katikati ya meza, akausukuma mlango wa jikoni, na joto likampiga usoni. Mwanamke mnene aliyekuwa akifuta jasho aligeuka kwa hofu, akidhani analetewa malalamiko.

"Nimekuja kukupa mkono wa pongezi," Remedios akamwambia, kwa sauti ya kufika mpaka mezani. "Mimi ni mpishi."