Rambirambi za Mtani

Valence alifia Ujerumani siku ya Jumanne, moyo ukamsimama akiwa kwenye foleni ya kinyozi. Jumatano asubuhi sisi wa Songea tulikuwa tumeshalia na tumeshaanza kugombana, kwa sababu Daimu alikuwa amesema hatamtukana.

Nieleze, kwa wale ambao hawakulelewa vizuri. Ukoo wa Valence ni Wangoni. Ukoo wa Daimu ni Wayao wa Nalasi, kule Tunduru. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wataniane. Tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ya Valence anayeingia kaburini kabla mtu wa nyumba ya Daimu hajasimamisha mazishi, akamwanika marehemu na vituko vyake vyote mbele ya watu, akadai kitu, akapewa. Hapo ndipo anaposema "mzikeni", na watu wanazika. Baba yake Valence alipofariki, mzee Saleh, baba yake Daimu, alikaa juu ya jeneza akala muhindi wa kuchoma, huku akiwasimulia waombolezaji jinsi marehemu alivyowahi kukimbizwa na bata mpaka akapanda mnara wa kengele. Padri alicheka mpaka akafunga kitabu. Mzee Saleh alidai jogoo, akapewa, akashuka. Kwa watu hawa, anayezikwa bila kutukanwa amezikwa kama mpita njia asiye na wenyewe.

Mimi ni Hironimus, nauza spea za baiskeli hapa Mfaranyaki. Mimi na Valence ni ukoo mmoja, kwa hiyo nikimtukana mimi yanakuwa matusi kweli. Hata hivyo nilijitolea. Dada Aurelia aliniambia nikithubutu nisikanyage kwake tena.

Aurelia ni dada mkubwa wa Valence, ana miaka sabini na mbili, na ndiye aliyemlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki. Mwili haukuwa unakuja. Valence mwenyewe aliacha maandishi kwamba azikwe hukohuko, kando ya mke wake Mjerumani, na Aurelia alilimeza hilo kwa shida lakini akalimeza. Alitaka kitu kimoja tu, mdogo wake asizikwe kama mpita njia. Dorine, binti wa Valence, angeshika simu pale kaburini, na Daimu angesimamisha mazishi kutoka Songea. Kilichobaki ni Daimu.

Nilimfuata dukani kwake, anapouza mchele, mlango wa pili kutoka kwangu. Tumekuwa majirani wa biashara miaka ishirini na sita, na sikumbuki siku tuliyokubaliana jambo, hata kama mvua inanyesha au imekatika. Nilimwomba kwa heshima. Akasema yeye hatukani watu asiowajua. Kisha akatoa simu na kunionyesha ujumbe wa miaka minne iliyopita.

Ulikuwa wa siku aliyofariki mke wake, Zulfa. Tulimzika Nalasi siku hiyohiyo kabla ya alasiri, na Daimu alisimama makaburini na simu mkononi, akimsubiri Valence apige amtukane marehemu, maana utani ni wa pande zote mbili na zamu ilikuwa ya nyumba yake. Valence hakupiga. Jioni ukaingia ujumbe huu: "Ndugu Daimu, pokea salamu zangu za rambirambi kwa kuondokewa na mkeo mpendwa. Mwenyezi Mungu akupe faraja katika kipindi hiki kigumu."

"Soma tena," Daimu akaniambia. "Mtani wangu ananiandikia kama mkuu wa wilaya."

Nikamwambia mavi ya kale hayanuki. Akasema ya Valence bado ya moto. Nikamwambia ana roho mbaya. Akasema mwenye roho mbaya ni mtu anayewauzia watoto wa watu breki zisizoshika. Tuliendelea hivyo mpaka mteja akaja, akatusikiliza kidogo, akaenda kununua mchele kwingine.

Alhamisi Aurelia akaenda mwenyewe kwa bodaboda, amekaa upande na mwavuli wake mapajani. Nilisimama mlangoni kwangu nikijifanya napanga cheni. Siku zote Daimu humwita "mke wangu" na kumuuliza anahamia lini. Siku hiyo alisimama wima akamwambia, "Shikamoo, mama." Aurelia alichelewa sana kuitikia, na alipoitikia sauti yake haikunifikia.

Lakini alimwomba, na Daimu akakubali. Alisema atakuja Jumatatu na atasema yanayopaswa kusemwa. Aurelia alirudi amefurahi, akaanza kutafuta jogoo. Mimi ninayemjua huyo mtu nilipaswa kushtuka palepale, ila na mimi nilikuwa nimechoka, nikajifanya nimeamini.

Jumatatu ilikuwa saa sita mchana kwetu, saa nne asubuhi kwao. Tulikusanyika sebuleni kwa Aurelia, simu yangu tukaiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya stuli. Jogoo alikuwa amefungwa mguu barazani, anahoji sababu. Daimu akaingia na kanzu iliyonyooshwa pasi, na mkononi ana karatasi. Nilipoiona ile karatasi ndipo nikashtuka, kwa sababu mtani haji msibani na hotuba. Akalalamika kwamba nimeiweka simu chini mno, inaonyesha tumbo lake tu. Nikamwambia huko ndiko kuna nafuu.

Picha ikaja. Tuliona majani mabichi yaliyokatwa sawasawa, jeneza la mbao nyeupe limewekwa juu ya mihimili miwili kwenye mdomo wa kaburi, na watu saba waliovaa nyeusi wamesimama kila mmoja peke yake. Kulikuwa na padri kijana, na bwana mmoja wa makaburi aliyekuwa akitazama saa. Dorine alituamkia shikamooni. Kiswahili chake alifundishwa na baba yake, kinatoka polepole lakini kinatoka. Akasema tumepewa dakika kumi.

Daimu akakohoa, akakunjua karatasi.

"Marehemu Valence alikuwa mtu mwema," akasoma, "mpole, mwenye upendo kwa kila mtu. Mchango wake hautasahaulika. Tunaungana na familia katika kipindi hiki kigumu."

Nilimfinya paja chini ya stuli. Akausogeza mguu, akaendelea na ucheshi wa marehemu na uvumilivu wake. Aurelia alivuta kanga akajifunika uso.

"Daimu," akasema humo ndani ya kanga, "umemfukuza ndugu yangu."

Daimu alisikia, nilimwona shingo ikikaza, lakini hakuacha kusoma. Niliona aibu kukaa karibu naye, na nilimchukia kuliko siku zote za breki na mchele zikijumlishwa. Kule, Dorine alikuwa akiwatafsiria wenzake. Wote saba wakaitikia kwa kichwa, kwa utaratibu. Mzee mmoja mwenye kofia akasema kitu.

"Wanashukuru," Dorine akatuambia. "Wanasema ni maneno mazuri. Ni hayohayo waliyosema wao kanisani."

Daimu akainua macho kutoka kwenye karatasi. Akauliza wamesema nini hasa. Dorine akasema wamesema baba yake alikuwa mpole, jirani mzuri, miaka yote hakuwahi kupiga kelele.

"Valence hakupiga kelele?"

"Ndiyo, Baba Daimu. Wanamsifu kwa hilo."

"Na hakuna hata mmoja aliyecheka tangu asubuhi?"

Dorine akasema huko watu hawacheki makaburini.

Daimu akawatazama wale saba mmoja mmoja. Alikuja kumwadhibu Valence kwa adabu, akakuta wenzake wamemwadhibu kwa adabu hiyohiyo miaka yote thelathini na tatu aliyoishi kwao. Kwa nini Valence aliandika ule ujumbe, sijui. Labda mtu akiishi sana na wenye adabu wanamwambukiza. Yule bwana wa makaburi akatazama saa, akawapa ishara wanaume wanne, wakainama kushika kamba.

"Dorine," Daimu akasema, "waambie waziache hizo kamba. Huyo mtu hazikwi."

Akaichana karatasi, akavuta stuli karibu, chupa ikaanguka, nikaishika simu kwa mkono. Akaanza. Akauliza kama kweli wamempima kichwa, maana kichwa cha Valence hakijawahi kuingia kwenye kofia ya dukani. Akawaambia kwamba huyo mpole wao alifukuzwa seminari kwa kukoroma katikati ya ibada, na kwamba aliogopa mbuzi mpaka akafikisha umri wa kuoa. Dorine alitafsiri sentensi mbili, ya tatu ikamshinda, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mabega ya yule mzee wa kofia yakaanza kutikisika. Padri aligeuka akatazama miti.

Aurelia alishatoa kanga usoni.

"Suruali," akasema. "Sema ya suruali."

Daimu akasema ya suruali, jinsi Valence alivyoiazima kwa ajili ya harusi ya watu, akaichana matakoni kwa kucheza, akairudisha akiapa kwamba ilikuwa hivyohivyo. Hapo nikamkatiza, kwa sababu suruali ilikuwa yangu. Akasema ilikuwa yake, ya kaki. Nikasema ya kaki ilikuwa yake lakini iliyochanika ni ya bluu. Tukagombana hapo mbele ya Wajerumani, na Valence juu ya mihimili yake akisubiri, mpaka Aurelia akatupiga wote kwa mwavuli.

Kisha akaenda kumleta jogoo. Daimu alimtazama yule jogoo, akasema hamtaki.

"Nyumba yenu iliniachia mke wangu azikwe kimya," akamwambia Dorine. "Mtukane Zulfa. La sivyo baba yako alale nje."

Nilijua tumekwisha. Dorine amezaliwa kule, Songea amefika mara mbili akiwa mdogo, na Zulfa hakuwahi kumwona. Bwana wa makaburi alikuwa anagonga kioo cha saa yake. Aurelia alisimama na jogoo kifuani. Dorine alifuta pua kwa kiganja, akawa anatafuta maneno.

"Wali wake," akasema. "Baba alisema muuza mchele kaoa mwanamke asiyejua kupika mchele. Alisema hata kuku wa Nalasi waliukataa. Nikiunguza chakula, chochote, baba alikuwa anaingia jikoni anasema, karibu, Zulfa. Jikoni mimi niliitwa Zulfa. Mpaka wiki iliyopita."

Daimu alivua kofia, akajifuta uso nayo, akaivaa tena vibaya. Na ilikuwa kweli. Miaka mingi tulikula ukoko mweusi kwenye nyumba ile na kushukuru, na hakuna aliyewahi kuthubutu kusema, wala hata siku tuliyomzika. Daimu alilia mbele yetu wote, mdomo wazi, na hakujificha.

"Alikuwa anasema ukoko ndio utamu," akasema mwishowe. Akaisogelea simu mpaka ikaonyesha pua tu. "Haya. Mzikeni huyo mshenzi."

Kamba zikashuka. Tulitazama mpaka jeneza likapotea, Aurelia akimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, jogoo akipiga kelele kifuani pake. Picha ilipokatika Daimu alimchukua yule jogoo pia, akambana kwapani, akasimama mlangoni.

"Mke wangu," akamwambia Aurelia, "unahamia lini?"

Aurelia akamwambia kwanza akaoge.