Mijusi Wawili wa Ukoo Mmoja

...na yule jike akainua mkono tena, taratibu, akauzungusha hewani kama anayepunga, na Mama Tiur akacheka, jamani, ananisalimia huyu, na Rotua akatabasamu kwa kuwa uso wake umeshazoea kutabasamu wateja wakisema hivyo, ingawa mjusi wa ndevu hamsalimii mtu, akipunga namna ile anamwambia dume aliye karibu nimekubali, usiniumize, na dume alikuwa karibu, juu ya kigogo chini ya taa ya joto, mwekundu kama pilipili ya kusaga, ndevu zimemtuna, nyeusi tii, kaka yake yule, mama mmoja, baba mmoja, na hao mama na baba nao walikuwa ndugu, na Mama Tiur, bado na nguo za kanisani na Biblia kwapani, ndiyo kwanza ameuliza, kwa mzaha, “Haya mwanangu, huyu bwana harusi ni wa ukoo gani? Maana kwangu wa ukoo mmoja hawaoani, hata wawe mijusi,” akacheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka, akangoja... sema Jawa, si ndivyo Togar alivyoagiza asubuhi, Togar kaka yake, mwenye duka, aliyesimama pale mlangoni akijifanya anafunga mfuko wa nyenje, “Wakikuuliza, dume kaletwa kutoka Jawa, na huo mdomo wako wa midahalo uuache chuoni,” haya, Jawa, neno dogo, ni kulitema tu, ameshasema makubwa kuliko hilo mbele ya majaji, kwa upande ambao hata hakuuamini, na akapewa kikombe, lakini ulimi umelala mdomoni kama kitu cha mtu mwingine, wala si hasira, hasira angeitambua, hasira ni yake, hii ni ganzi tu, anakula, anaandika insha, analisha mijusi, watu wanamwambia umetulia siku hizi... “Nastaafu ualimu mwakani,” Mama Tiur anasema, “nataka waniangulie vitoto, niuze, nisikae nyumbani nikigombana na baba Tiur,” waangue, ndiyo, wataangua, walishaangua, kimoja hakikuwa na jicho, kingine mkia umejipinda kama ndoana, kingine taya la chini halikukutana na la juu, Rotua akawa anakipondea nyenje kwa vidole na kukipaka kwenye ncha ya ulimi, kinameza, kinamtazama, kinameza, mpaka asubuhi moja akakikuta mdomo wazi, akakifunga kwenye karatasi laini, akaenda darasani, hakusikia kitu, na Togar akasema wabovu wapo kila mahali, ito, hata kwa watu si wapo, na wale wazima akawauza, wazima wa nje, maana ndani wamebeba kilekile kilichowavunja wenzao... ito, akasema, kama kawaida, neno ambalo kaka na dada huitana, na kila mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja, hata wasiojuana, na ni neno hilohilo alilolipiga mezani pale sebuleni, nyuma ya hili duka, Parlin, aliyekuja kumposa Rotua, amekaa kwenye kiti cha plastiki na shati lake la mikono mirefu, “Wewe Hutagaol, yeye Hutagaol, huyo si mchumba, huyo ni ito wako, hatuozi ndugu kwa ndugu sisi!” na Rotua akasimama, akawauliza damu gani iliyobaki kati yetu, babu zetu wameachana zamani hata hakuna anayeweza kuhesabu, mbona mnanisukumia Hotman, mtoto wa shangazi, ambaye mama yake na baba yangu wamenyonya ziwa moja, huyo ni halali kwa sababu tu jina la ukoo ni jingine? na shangazi mwenyewe akasema, “Tumemsomesha, sasa anatuhukumu,” sebule nzima ikacheka, hoja ikafia hapo, na Parlin, aliyekuwa ameahidi kusema, hakusema, alifika mlangoni akageuka, “Haya, ito,” kwa adabu, akainua mkono, akapunga taratibu... na wiki ileile Togar akamfungulia dume tangi la dada yake, “Wanyama hawana ukoo, nikileta damu ngeni rangi inapauka,” pasipokuwa na damu wakaona damu, palipo na damu tupu wanaona rangi... “Mwanangu, husikii? Nimekuuliza, huyu ni wa nani?” wa nani, swali analolichukia kuliko yote, wanakuuliza harusini, kwenye foleni ya benki, kabla hata ya jina lako, wa nani wewe, na leo limetoka kinywani mwa mwalimu mzee mwenye mzaha na, ajabu, halimchomi, ndilo swali lenyewe, ndilo pekee lililostahili kuulizwa mbele ya kioo hiki na hakuna mteja aliyewahi kuliuliza, miezi yote amelichukia swali, kumbe swali halina kosa, walilipeleka sebuleni kwa watu wawili wazima wanaopendana, wakalifungia mlango huku dukani, kwa viumbe visivyoweza kusema hapana, vinavyoweza kupunga tu... “Mwambie basi, ito,” Togar anasema kutoka mlangoni, sauti tamu, sauti ya biashara, “mwambie mama, si unajua alikotoka,” na jike akainua mkono, na Mama Tiur akamwinulia wake, hujambo bibi harusi, na taa ya joto ikawa ileile, na dume palepale juu ya kigogo, ila ulimi wa Rotua ulikuwa unachonyota, kuanzia kwenye shina, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu damu inapoanza kuurudia, kunauma, Mungu wangu, kunauma, akavuta pumzi, na neno lililokuwa limeshafika nyuma ya meno halikuwa Jawa, lilikuwa ito, ito wa huyu jike...