Tunaoga, Tunavaa

Mume wangu ni fundi cherehani na kila mtu anamwita Fundi, hata mimi. Yeye ananiita Mpishi, kwa sababu nimepikia shule ya bweni mpaka nikastaafu. Kiharusi kilipompiga upande wa kushoto, watu walikuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Nikawaambia, jamani, mgonjwa huyo hapo kitandani anawasikia, pole mpeni mwenyewe. Mdomo wangu hauna mlango, nimezaliwa hivyo na nimezeeka hivyo.

Ila kuna jambo moja ambalo hata mdomo huu ulilifungia ndani. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha. Masufuria ya shule niliyoyanyanyua ujanani yalikuwa yamekuja kudai chao. Nikiinama sinyooki, nikinyooka siinami. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na Fundi ningemwachia nani?

Maana kumwogesha Fundi kunataka ustadi. Unamkalisha ukingoni mwa kitanda, unatia goti lako katikati ya magoti yake, unamkumbatia, unasema "haya!" Yeye anasukuma kwa mguu mzima, wewe unavuta. Hapo mnakwenda bafuni mkiyumba kama walevi wawili. Akishakaa kwenye kiti chake cha plastiki anaanza kunikosoa.

"Mpishi, taratibu, huo mgongo wa mtu, si sufuria."

"Sufuria lingekuwa limeshatakata."

Nammwagia kopo la maji ya baridi makusudi, anapiga ukelele, tunacheka. Kuvaa ni hivyo hivyo. Mimi naingiza mkono uliolala kwenye shati, yeye anaingiza ule mzima, mimi nafunga vifungo, yeye anasema kola imekaa upande. Kazi ya watu wawili, na tulikuwa tumeizoea.

Binti yetu wa pekee yuko nchi za watu. Kazi yake huko, na msicheke, ni kuogesha wazee. Wazee wa wenzetu anawaogesha yeye, baba yake namwogesha mimi. Siku moja akapiga simu, akanisikia navuta pumzi wakati wa kuinuka kitini. Mtoto uliyemzaa humdanganyi.

"Mama, nenda ustawi wa jamii ukaombe msaidizi wa asubuhi. Watakuja kumpima baba. Maswali ni yale yale tunayowauliza wazee wa huku. Kuoga, kuvaa, kula, choo, ngazi. Tafadhali msijikaze. Waelezeni ile siku mbaya kuliko zote."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa, baba itabidi akae nyumba ya wazee. Wewe peke yako humwezi, mama."

Nikamwambia asinitie mkosi, nikakata simu. Lakini ustawi nilikwenda, nikishuka ngazi zetu za ghorofa ya pili mguu mmoja mmoja.

Akaja dada wa ustawi, msichana mwenye adabu zake. Akamwamkia Fundi, akavua viatu mlangoni, akakaa. Mimi nilikuwa jikoni natengeneza chai, mlango wazi, nasikia kila neno.

"Baba, unaoga mwenyewe?"

"Tunaoga."

"Kuvaa je?"

"Tunavaa, mwanangu. Kama unavyotuona."

"Na ngazi hizi?"

"Tunapanda pole pole."

Dada anagusagusa simu yake, anaandika. Na mimi pale jikoni sikuona kosa lolote. Si kweli tunaoga? Si kweli tunavaa? Tangu aliponiposa, Fundi hajui kusema mimi. Tumekula, tumechoka, tumepata mafua, hata mafua yakiwa yake peke yake. Mimi nilisikia ukweli mtupu. Yule dada alisikia mzee mwenye maringo anayejitaja kwa wingi kama mkuu wa wilaya.

Jibu likaja kwa ujumbe wa simu: mzee anajitegemea, hahitaji msaidizi.

"Anajitegemea!" nilipiga kelele mpaka kinyozi wa ghorofa ya chini akatoa kichwa dirishani. "Huyu hajitegemei, ananiegemea mimi!"

Fundi akacheka. Kucheka kwake kukaniudhi, na hasira zangu zikanisaidia kama wiki mbili hivi. Halafu asubuhi moja bafuni nikasema "haya!", nikavuta, na mgongo ukakatika. Sijui niseme vipi. Nilishtukia niko sakafuni, shavu kwenye vigae, maji yananipita masikioni. Fundi yuko juu ya kiti, uchi, na sabuni kichwani. Hawezi kunifikia. Alinyoosha ule mkono mzima mpaka nikaogopa naye ataanguka.

"Mpishi. Mpishi, sema kitu."

"Usisogee! Ukianguka juu yangu nitakuua."

Alimwita kinyozi kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Kinyozi alituinua, akatufunika mataulo akiwa ametazama ukutani, Mungu ampe heri. Binti yetu alipopata habari alilia kwenye simu, kisha akasema ameomba likizo, anakuja kumpeleka baba yake nyumba ya wazee mwisho wa mwezi. Isipokuwa ustawi warudi wapime upya na waseme vingine.

Wakakubali kurudi. Asubuhi ya siku hiyo nikamweka Fundi chini, yaani juu ya kiti, nikamfunda.

"Leo utasema siwezi."

"Nani aseme?"

"Wewe. Ukiulizwa unaoga mwenyewe, unajibu siwezi. Basi."

"Mbele ya mtoto wa watu?"

"Mficha uchi hazai, Fundi."

"Sisi tumeshazaa."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Lakini nilimwona anavyotazama mkono wake uliolala pajani, nikauacha mwiko ulipo.

Dada akaja, akakaa pale pale. Mimi safari hii sikuingia jikoni. Nilisimama nyuma ya kiti, nimeshika mgongo wa kiti, kwa kuwa nikikaa sitaweza kuinuka bila kuonekana.

"Baba, unaoga mwenyewe?"

"Tuna..." Akaishia hapo. Akageuka kunitazama.

Hapo ilikuwa zamu yangu. Neno moja tu, hawezi, na mume wangu anabaki nyumbani kwake. Mimi ninayewasema majirani, niliyemsema mwalimu mkuu mbele ya walimu wake wote kwa habari ya kuni mbichi! Nikafungua mdomo. Nikamwona ameukazia macho mdomo wangu, amechana nywele, amevaa shati alilolishona mwenyewe, na lile neno likakwama. Ningemvuaje nguo mbele ya mgeni?

"Anajitahidi," nikasema.

Dada akainamia simu yake kuandika.

"Ngoja, mwanangu," Fundi akasema. "Usiandike hilo. Siwezi."

Dada akainua macho kutoka kwenye simu.

"Siwezi kuoga. Siwezi kuvaa, nami nimevalisha nusu ya mtaa huu. Kifungo kinanishinda. Choo siwezi bila kushikwa. Mimi siwezi. Andika mimi."

Miaka yote ile tuko wawili kwenye kila neno lake, leo ametoka humo, amekwenda kusimama peke yake. Iliniuma kuliko mgongo. Kumbe hakuwa amemaliza. Kwa ule mkono mzima akasukuma leso yake ikaanguka chini.

"Mpishi, niokotee leso."

Nikaitazama leso. Ilikuwa palepale miguuni pangu.

"Iokote mwenyewe!"

"Unaona?" akamwambia dada. "Na huyu naye hawezi. Ila yeye atakufa kikondoo kabla hajakuambia."

Nilimtukana. Maneno siyarudii hapa. Dada wala hakuigusa leso. Aliinuka, akanizungushia kiti, akanishika viwiko akanikalisha pole pole, akauliza, "Mama, usiku unalala kweli?" Basi nikalia, kwa kwikwi, mbele ya mtoto wa watu.

Sikumsemesha Fundi mpaka jioni.

"Umenivua nguo," nikamwambia hatimaye.

"Na wewe unanivua kila asubuhi. Nimewahi kulalamika?"

Binti yetu alighairi safari. Msaidizi akaletwa Jumatatu, mama mnene mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuamsha mtaa. Nilikuwa nimeshamwandalia kila kitu: maji moto tayari, taulo la Fundi, sabuni ya Fundi, nguo za Fundi nimezipanga kitandani kwa mpangilio wa kuvaliwa. Nilikusudia kusimama mlangoni nimfundishe goti linakaa wapi.

Akaamkia, akaweka mkoba, akanawa mikono. Akatutazama mmoja, akatutazama wa pili.

"Haya wazee wangu. Nianze na nani?"

Nikacheka. Nikamwonyesha Fundi kwa kidevu.

"Anza na mama," Fundi akasema. "Miguu yake hajaifikia tangu mwaka jana. Anadhani sijui."

Nikafungua mdomo nimpe yake. Badala yake nikaitazama miguu yangu. Ni kweli nilikuwa namimina maji kwa juu na kutumaini yatafika. Ni kweli kucha zilikuwa zinanichoma ndani ya viatu. Nani alimwambia? Alikuwa anatazama tu, kutoka kitandani, siku zote hizo nikidhani mtazamaji ni mimi.

Yule mama alinishika mkono tukaingia bafuni, akafunga mlango. Alipiga goti, akauweka mguu wangu juu ya paja lake, akaanza kuusugua katikati ya vidole. Hakuna mtu aliyewahi kuniosha miguu tangu nilipokuwa mtoto.

"Maji yanachoma?" Fundi akauliza kwa sauti kutoka chumbani.

"Hayachomi," nikamjibu. "Nyamaza, ninaoga."